Alama za Mpishi wa Jiko la Nne

Siku kisanduku cha kwanza kilipofika, mwalimu mstaafu alikuwa amesimama uani akitoboa mkanda wa suruali kwa ncha ya bikari. Hilo lilikuwa tundu la tatu tangu mazishi ya mkewe, na kila tundu alilipima kwanza kwa rula, sentimita mbili kutoka kwa mwenzake. Mtu aliyefundisha hisabati miaka thelathini na minne hakondi ovyo. Hukonda kwa vipimo.

"Abiria wote sikilizeni!" dada yake alipaza sauti kutoka mlangoni. "Chakula cha wiki nzima kimewasili getini! Wenye njaa wasogee, wasio na njaa wasogezwe!"

Dada huyo, ambaye mtaa mzima ulimwita Shangazi, alikuwa mtangazaji wa stesheni ya treni mpaka alipostaafu, na sauti yake ilikataa kustaafu naye. Baada ya mazishi alihamia kwa mdogo wake kwa wiki mbili tu, amtazametazame, na sasa ulikuwa unaingia mwezi wa saba. Alikuwa mwanamke wa kila sifa isipokuwa moja: jikoni alikuwa msiba mwingine. Wali wake ulikuwa na ghorofa tatu, chini makaa, katikati uji, juu mchele. Yeye mwenyewe alikiri. "Mimi nimelelewa na mikahawa ya stesheni," alisema. "Maji nayachemsha vizuri. Zaidi ya hapo msinidai."

Binti wa mwalimu, muuguzi katika mji mwingine, alikuwa amekuja kuwajulia hali mwezi uliopita. Alifunua sufuria, akaifunika. Akatazama shingo ya baba yake inavyoelea ndani ya kola, akatoka nje kwenda kupiga simu kwa kaka yake. Aliporudi alikuwa ameshaamua. Kuna kampuni mjini inapika chakula, inakiweka kwenye vibakuli, inakileta nyumbani kila Jumatatu. Vibakuli sita, siku sita, kazi yako ni kupasha moto. Wamelipia miezi miwili ya kujaribu.

"Chakula cha kuletewa kama mgonjwa," mwalimu alisema.

"Baba, ukiendelea hivi utaletewa ukiwa mgonjwa kweli."

Akakubali. Na muuguzi mtu hashindani.

Aliyeleta kisanduku alikuwa mwanamume wa makamo mwenye pikipiki na koti la mvua analolivaa hata jua likiwaka. Walimwita Tumefika, kwa sababu ukimpigia simu kumuuliza yuko wapi hujibu "tumefika" hali bado yuko ng'ambo ya mji. Alivipanga vibakuli kwenye friji kwa mpangilio wa siku, akampa mwalimu kadi sita zilizofungwa kwa mpira.

"Hizi ni za maoni, mwalimu. Ukishakula unatia rangi nyota, moja mpaka tano. Jumatatu nazichukua pamoja na vibakuli vitupu."

Mwalimu aliigeuza kadi moja, akaisoma mbele na nyuma. Chini kabisa iliandikwa: Mpishi, Jiko la Nne.

"Nyota?" aliuliza. "Nyota ni za chekechea."

"Ndivyo wanavyotaka ofisini."

"Na huyu wa Jiko la Nne anataka kujua amekosea wapi, au anataka kuchorewa nyota?"

Tumefika alikuna kisogo chini ya kofia yake ngumu. Katika miaka yake yote ya kupeleka vitu hakuna aliyewahi kumuuliza hivyo.

*

Kesho yake mchana Shangazi alipasha kibakuli cha Jumanne, wali na maharage, akakiweka mezani. Mwalimu alikaa, akavaa miwani, akatoa kalamu nyekundu kwenye mfuko wa shati. Alionja kijiko kimoja, akaandika. Akaonja cha pili, akafikiri, akaandika tena. Cha tatu alikishikilia mdomoni kwa muda mrefu, macho ameyaelekeza dirishani, halafu akameza kama mtu anayemeza kidonge. Akakata nyota zote tano kwa mstari mmoja ulionyooka, na pembeni yake akaandika: 61 kwa 100.

"Soma tusikie," Shangazi alisema.

"'Maharage yameiva ila hayajaelewana na mchuzi wake. Chumvi imepimwa. Jibu limepatikana, hatua hazionekani. Ladha si yenyewe.'"

"Sitini na moja! Mbona mkali hivyo?"

"Mkali wapi, dada? Sitini na moja ni alama nzuri sana. Kijana aliyekuja kuwa mhandisi wa madaraja nilimpa hamsini na nane."

"Na madaraja yamesimama?"

"Yamesimama kwa sababu ya hamsini na nane hiyo. Angepata tisini angebweteka."

Kisha alisukuma kibakuli katikati ya meza, na Shangazi, ambaye hakuweza kuona chakula kinatupwa, akavuta kiti. Ikawa hivyo kila siku. Mwalimu vijiko vitatu na kalamu, Shangazi yaliyosalia. Binti alipopiga simu na kuuliza chakula kikoje, baba alimsomea alama moja baada ya nyingine na binti akafurahi, maana mtu anayelalamikia kabichi bila shaka ameila. Shangazi naye akanyamaza. Gauni lake la bluu lilikuwa limeanza kumbana kwapani, na alijua kwamba ukweli ukisemwa yeye ndiye ushahidi.

Lakini kitu kimoja kilianza kutokea katika nyumba ile. Kadi ya kabichi ya wiki ya kwanza mwalimu aliipa hamsini na sita, akaandika kwamba imekatwa kwa upana usiolingana, na nyuma ya kadi akachora mchoro wenye vipimo. Wiki ya tatu kabichi ilikuja imekatwa nyuzi nyuzi, zote upana mmoja, utadhani zimepigiwa rula. Mwalimu aliinua moja kwa uma, akaishikilia kwenye mwanga.

"Ameona!" alisema. "Dada, njoo utazame. Huyu ameuona mchoro!"

"Nimeshaiona kabichi mimi."

"Huyu si mpishi wa kubahatisha. Huyu anafanya masahihisho!"

Toka siku hiyo kila Jumatatu akawa anaamka mapema, ananyoa ndevu, anakaa kibarazani kumsubiri Tumefika. Kadi zake zikawa ndefu. Njegere za wiki ya tatu zilikuwa zimeiva nusu tu na akauliza kama sufuria inaegemea upande mmoja. Wiki ya tano zilikuja zimeiva zote. Supu ya viazi ilipanda kutoka hamsini na tisa hadi sitini na sita. Kuku akagota kwenye sitini na tano, wiki baada ya wiki, na kila mara mwalimu aliandika maneno yale yale mwishoni: umejitahidi sana, ila ladha si yenyewe. Alama zote alizinakili kwenye daftari, kama zamani.

*

Alhamisi ya wiki ya saba pikipiki ilisikika getini, na haikuwa siku yake. Tumefika aliingia ameshika kofia mkononi, bila kisanduku.

"Leo umefika kweli," Shangazi alimtania.

Hakucheka. Alikaa kwenye ukingo wa kibaraza. "Mwalimu, nimekuja kwa mguu wangu, sikutumwa. Yule dada wa Jiko la Nne kesho wanamwachisha kazi."

"Kwa kosa gani?"

"Nyota."

"Nyota zipi?"

Tumefika akatazama viatu vyake. "Zako."

Akaeleza, polepole, kama mtu anayemwaga maji ya moto karibu na miguu ya mwenzake. Kila mpishi hupimwa kwa wiki sita. Ofisini kuna karani anayejumlisha kadi, na kwa kuwa mwalimu hakuchora nyota, karani alichukua alama zake akazigeuza: ishirini ni nyota moja, arobaini mbili, sitini tatu, themanini nne. Alama zinazobaki katikati hazihesabiwi. Mpishi asiyefikisha nyota nne baada ya wiki sita anapisha wengine. Jiko la Nne lilikuwa na wastani wa sitini na tatu.

"Lakini sitini na tatu ni nzuri!" mwalimu alisema.

"Kule ni nyota tatu. Nyota tatu kule ni kama chakula kimemwendesha mtu tumbo."

"Na nyumba nyingine anazozipikia? Zimempa ngapi?"

"Nyumba kumi na moja, mwalimu, wewe ndiye unayerudisha kadi. Wengine wanafutia meza. Kuna mmoja anafanya za kuchokolea meno." Akasimama. "Ana watoto wawili na chumba cha kupanga. Nimeona bora ujue."

Pikipiki ilipoondoka, Shangazi ndiye aliyeanza.

"Mdogo wangu, umemtia mtu mchanga kwenye kitumbua chake."

"Nimempa alama zake za haki."

"Basi kaa nazo. Uzipashe moto ule."

Mwalimu aliingia chumbani, akatoa shati jeupe na tai, akaanza kupiga pasi. Aliipiga kola mara mbili. "Kesho naenda huko ofisini kuwaelimisha," alisema. "Hawajui kusoma alama, basi. Nitawaeleza kipimo changu, wataelewa."

"Twende wote."

"Dada, hii ni kazi ya maelezo, haihitaji kipaza sauti."

"Twende wote," Shangazi alisema, na alilisema lile la pili taratibu sana, kwa hiyo mdogo wake akajua halina rufaa.

*

Ofisi ilikuwa chumba kimoja mbele ya jiko kubwa, kimetenganishwa na mlango wa bembea uliokuwa ukitoa mvuke kila ulipofunguka. Meneja alikuwa mama wa makamo, miwani moja machoni na nyingine ameisahau juu ya kichwa, simu mbili mezani na ya tatu inaita kwenye mkoba. Aliwapa viti. Alimsikiliza mwalimu akieleza kipimo chake kuanzia sifuri hadi mia, tofauti ya hamsini na tano na sitini, na kwa nini sabini hutolewa mara moja kwa kizazi. Alisikiliza kwa adabu, kama mtu anavyomsikiliza fundi wa saa ya ukutani.

"Mwalimu," alisema mwishowe, "samahani nikuulize. Unataka abaki?"

"Bila shaka. Ni mpishi mwenye bidii kuliko wanafunzi wangu wengi."

"Basi ni rahisi." Akavuta kalamu akamsogezea. "Tuandikie tano tano. Dakika mbili tumemaliza, mimi na wewe na yeye tumefurahi."

Mwalimu aliitazama kalamu ile kana kwamba ina ukoma.

"Nibadilishe alama?"

"Rekebisha tu."

"Mama, nimesahihisha miaka thelathini na minne. Wamekuja kwangu wazazi wenye mbuzi, wazazi wenye machozi, na mmoja mwenye panga. Binti yangu mwenyewe nilimpa arobaini na tisa na alilala bila kuniaga. Alama ikishatoka mkononi mwangu haibadilishwi."

"Hata kama mtu anapoteza kazi?"

Kola ambayo mwalimu aliipiga pasi mara mbili ilikuwa imelowa. Hapo ndipo alipohisi ubaya wa mahali alipokaa: kwa upande mmoja kuna mtu atakayekosa mkate, kwa upande mwingine kuna kitu pekee alichokuwa bado nacho ambacho hakijapungua uzito.

"Muite mwenyewe," Shangazi alisema. "Msimjadili mtu kama mzigo uliopotea."

Meneja alisukuma mlango wa bembea, akaita. Aliyetoka alikuwa mwanamke wa miaka thelathini na kitu, mfupi, aproni imefungwa mara mbili kiunoni, mikono ina makovu ya mvuke mpaka kwenye viwiko. Alimtazama mwalimu, tai yake, kalamu nyekundu mfukoni.

"Ni wewe," alisema.

"Ni mimi."

"Nilidhani ni mrefu."

Mwanamke alitia mkono kwenye mfuko wa aproni, akatoa bunda la kadi zilizokunjamana, zimefungwa kwa mpira, pembe zimeingia mafuta.

"Nilizipiga picha zikachapwa, maana zenyewe karani anazihifadhi," alisema. "Nilizibandika ukutani juu ya jiko, leo nimezibandua. Wenzangu wananicheka, wanasema nimerudi shule. Mimi shule niliachia katikati, mwalimu. Hakuna aliyewahi kunisahihishia kitu akaniambia nimekosea hapa, fanya hivi. Huwa wanaondoka tu." Akafungua mpira. "Nashukuru kwa kabichi. Nashukuru kwa sufuria, kweli ilikuwa inaegemea, nimeiwekea kijiti. Kazi ikiisha leo, sawa, nimejifunza. Lakini nina swali moja, na ninaomba unijibu kabla sijavua aproni."

"Uliza."

"Kadi kumi na tisa humu umeandika ladha si yenyewe." Alizihesabu juu ya meza kama karata. "Nimebadilisha mafuta. Nimepunguza moto, nimeongeza. Vitunguu nimeviweka mwanzo, nimeviweka mwisho. Kuku nimempika mara tatu kwa siku moja, nikampa mwanangu aonje. Mwalimu, hiyo yenyewe ni ipi? Niambie ilivyo, nitaipika."

Ndani ya jiko kitu kilikuwa kinachemka na kifuniko kilikuwa kikicheza. Mwalimu alivua miwani. Alizitazama kadi zile kumi na tisa, mwandiko wake mzuri, maneno yale yale kumi na tisa, na kwa mara ya kwanza akayasoma kama mtu asiyeyaandika.

"Huwezi kuipika," alisema.

"Kwa nini?"

"Aliyekuwa anaipika hayupo."

Mwanamke hakuelewa mara moja. Kisha akaelewa, akaketi bila kukaribishwa. Meneja alizima simu iliyokuwa ikiita mkobani. Na Shangazi, ambaye sauti yake ilikuwa imesimamisha treni, alitazama sakafu.

"Nilikuwa na mwongozo mmoja tu wa kusahihishia," mwalimu aliendelea, polepole, akizungumza na kadi. "Nilikula chakula cha mtu mmoja miaka arobaini na moja. Viazi vilikatwa duara. Chako kikija mraba, nakata alama tatu. Kuku wake alikuwa na harufu fulani, hata sijui ilitokana na nini, sikuwahi kuuliza. Yako haina, nakata alama kumi. Nimekutungia mtihani kutoka kwenye kitabu ambacho hukupewa."

"Na yeye ulimpa ngapi?" meneja aliuliza, kwa upole.

"Nani?"

"Mama."

Mwalimu alifuta miwani kwa ncha ya tai. Alifuta kwa muda mrefu kuliko miwani ilivyochafuka.

"Sikumpa kitu. Alikuwa anauliza, leo imekaaje? Ninasema, haya tu." Akavaa miwani. "Miaka arobaini na moja. Haya tu."

Shangazi aliweka mkono begani mwake, akauacha hapo.

Halafu mwalimu akakohoa, akavuta kiti karibu na meza, na sauti iliyotoka ilikuwa ile ya darasani, ambayo dada yake hakuwa ameisikia kwa miezi saba.

"Mama meneja, alama zikishatoka hazibadilishwi. Hiyo ni sheria. Lakini ipo sheria nyingine. Ikigundulika kwamba mwongozo wa kusahihisha una kosa, karatasi zote hurudishwa, kila moja, na husahihishwa upya na yule yule aliyezisahihisha, mbele ya mashahidi. Kosa si la mwanafunzi. Naomba kadi zangu zote thelathini na sita. Na hiyo meza iondolewe simu."

*

Ilichukua saa moja na nusu. Mwalimu alifungua daftari lake, akaanza na wiki ya kwanza. Alisoma kila kadi, akafumba macho kuvikumbuka vile vijiko vitatu, akafuta kila neno lisilomhusu mpishi yule. Ilikuwa kazi ngumu. Mara mbili alisimama na kwenda kutazama nje ya dirisha, na hakuna aliyemharakisha. Palipokuwa na mashaka alimuuliza Shangazi, aliyekula sehemu kubwa zaidi ya ushahidi.

"Kuku wa wiki ya tatu?"

"Nililamba kibakuli."

"Kulamba si kipimo."

"Basi nililamba na kifuniko."

Sauti ya Shangazi ikarudi yenyewe. Kila alama mpya ilipoandikwa aliitangaza. "Kuku wa wiki ya tatu, aliyekuwa amekwama sitini na tano, sasa anawasili themanini na nane! Wapokeaji mjiandae!" Mlango wa bembea ukaanza kufunguka na kukaa wazi. Mpishi wa jiko la kwanza akachungulia, wa pili akaja na mwiko wake, karani akaacha hesabu zake akasimama na mikono mfukoni. Mpishi wa Jiko la Nne alikuwa ameketi pembeni, amebana mikono katikati ya magoti.

"Njegere, wiki ya tatu," mwalimu alisema. "Hamsini na mbili." Akafikiri. "Arobaini na nane."

"Zimeshuka?" mpishi aliruka kitini. "Mwalimu, si tunasaidiwa hapa?"

"Marehemu hakupika njegere. Sikuwa na cha kulinganisha, nikakuonea huruma. Zilikuwa mbichi."

"Zilikuwa mbichi nusu!"

"Ndiyo maana umepata arobaini na nane, si ishirini na nne."

Wapishi mlangoni walicheka mpaka mwiko ukaanguka, na yeye mwenyewe, kwa hasira zake zote, akacheka nao. Meneja alikuwa amegundua miwani ya kichwani na sasa hakujua avae ipi.

Kadi ya thelathini na sita ilipokwisha, mwalimu alijumlisha kwa mkono, bila mashine, kutoka juu kwenda chini, kisha kutoka chini kwenda juu. Elfu mbili mia nane tisini na saba. Akagawa kwa thelathini na sita. Karani alishindwa kuvumilia, akagawa kwa simu yake, akaona, akatulia kumwacha mzee amalize.

"Themanini na nukta nne saba," mwalimu alisema. Aliizungushia duara nyekundu, akamgeuzia meneja karatasi. "Na hiyo nukta nne saba mnaweza kuitupa kama mlivyozoea. Inatosha."

Meneja alipitisha kidole chini ya jumla, akamtazama karani, karani akatikisa kichwa kukubali.

"Nyota nne," alisema. "Rudi jikoni, dada. Una nyumba kumi na moja zinasubiri."

Mpishi alisimama. Pale mlangoni wenzake walishaanza kupiga vigelegele na mmoja kupiga kifuniko cha sufuria. Yeye hakuelekea jikoni kwanza. Alikuja mpaka mbele ya mwalimu, akanyoosha mkono, na mwalimu akaupokea kwa mikono yake yote miwili.

"Hata nikijitahidi," alisema mwalimu, "siwezi kukuahidi kwamba sitaiandika tena. Ile ya si yenyewe. Inakuja yenyewe kalamuni."

"Ukiiandika nitajua si yangu," mpishi alijibu. "Nitaisoma tu, niipishe." Kisha akawatazama wote wawili, kaka na dada, tai na gauni la bluu. "Ninyi tangu asubuhi hamjatia kitu mdomoni. Kaeni hapo hapo."

Aliingia, akarudi na sahani mbili. Hazikuwa vibakuli wala hazikuwa na vifuniko. Ilikuwa mara ya kwanza mwalimu kukiona chakula cha mwanamke huyu kabla hakijapoa. Wali ulikuwa unatoa mvuke. Pembeni kulikuwa na kuku na mchuzi, na viazi vimekatwa vyovyote tu, vingine virefu, vingine na pembe tano, kwa haraka ya mtu aliyekuwa anasubiri hukumu yake. Shangazi alipoviona alikumbuka vile vya duara, akamtazama mdogo wake kwa jicho la pembeni.

Mwalimu alisogeza kadi na daftari kando ili apate nafasi ya viwiko. Akaanza. Kijiko cha kwanza, cha pili, cha tatu. Cha nne. Mchuzi ukamdondokea kwenye tai na hakuupangusa. Alivuta kiazi chenye pembe tano, akakipulizia, akakitafuna.

Shangazi alishindwa kujizuia. Aliinama, na kwa sauti ambayo hata abiria wa karibu asingeisikia akamuuliza, "Ngapi?"

Mwalimu aliinua mkono kumnyamazisha, shavu moja limejaa.

"Ngoja, dada," alisema. "Ninakula."